Kupanga kipeperushi cha biashara, kuanzia kaunta buku hadi karatasi iliyokunjwa

Julai ikifika katikati, simu yangu haipumziki. Nane Nane inakaribia, na kila mwenye meza kwenye viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya anakumbuka ghafla kwamba hana kipeperushi. Wapo wa parachichi kutoka Rungwe na Njombe, wa mchele wa Kyela, wa mbao za Mafinga, wa asali, wa mbegu. Wengi wanakuja na kitu walichokwishajipangia kwenye Word au Canva: nembo imevutwa upande mmoja ikawa bapa kama chapati, maandishi yana rangi tano, namba ya simu imejibanza chini kabisa. Macho wanayo, tena mazuri tu. Ila walianza kupamba kabla hawajaamua kitu gani kionekane kwanza, na kupanga ukurasa kwa sehemu kubwa ni kuamua huko.

Nitakupitisha kwenye kazi moja: kipeperushi cha chama cha ushirika wa wakulima wa kahawa wilayani Mbozi, karatasi ya A4 iliyolazwa na kukunjwa mara mbili, ikatoa paneli tatu mbele na tatu nyuma. Ukishaielewa hii, kijarida, orodha ya bei na profaili ya kampuni hazitakusumbua, maana kinachobadilika ni vipimo tu.

Hatua ya kwanza: zima kompyuta

Katibu wa chama, mama mtu mzima, alinijia na kaunta buku. Kurasa nne za mwandiko wake: historia ya chama, majina ya viongozi, dira, dhamira, idadi ya wanachama, mtambo wa kumenya kahawa, shukrani kwa wafadhili.

"Mwanangu, weka yote. Tumetoka mbali."

"Sawa, mama. Lakini mtu akisimama mezani kwenu na kupewa karatasi hii, mnataka afanye nini?"

Akafikiri. "Anunue kahawa yetu ya unga."

"Na wale wenye makampuni?"

"Hao tunataka waje Mbozi wakati wa mavuno, waone tunavyochuma mbivu tu, moja moja, kwa mkono."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nilichukua karatasi, nikaikata vipande, nikaandika jambo moja kwenye kila kipande, tukavipanga mezani kwa safu tatu. Safu ya kwanza ni ya mambo ambayo mtu akiyakosa, kipeperushi hakina maana: kahawa yenyewe, inakopatikana, simu. Ya pili ni ya mambo yanayomshawishi: uchumaji wa mkono, mtambo, kahawa inavyoanikwa. Ya tatu ni ya mambo ambayo chama kinapenda yaonekane. Dira na dhamira ziliangukia safu ya tatu, na mama hakufurahi. Tulikubaliana zibaki, kwa sentensi mbili, paneli ya nyuma. Orodha ya viongozi ikatoka kabisa, kwani uchaguzi ulikuwa karibu na sura zingeweza kubadilika kabla karatasi hazijaisha.

Fanya hivi hata kama biashara ni yako peke yako. Vipande vya safu ya kwanza visizidi vitatu au vinne. Vikifika kumi, bado hujaamua.

Hatua ya pili: ijue karatasi yako

A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiikata katikati unapata A5, 148 kwa 210, na umbo linabaki lile lile. Mfumo huu ulianza Ujerumani mwaka 1922 kama kipimo cha taifa, na uzuri wake ni kwamba bango la A3 ukilipunguza kuwa A4 au A5 halipotezi uwiano. Kwa hiyo usipange kwa kukadiria. Fungua faili jipya, weka kipimo halisi cha karatasi itakayochapwa, ndipo uweke herufi ya kwanza. Nimeona watu wanapanga kwenye mraba wa Instagramu halafu wanaomba ugeuzwe kipeperushi. Haugeuki, unaanza upya.

Mikunjo ina siri yake. Watu wengi hugawa 297 kwa tatu, 99 kila paneli, halafu karatasi ikikunjwa inavimba, kwa sababu paneli inayoingia ndani inagonga mkunjo. Ipunguze hiyo moja: 100, 100 na 97. Ukiitazama karatasi upande wa nje, paneli ya 97 iko kushoto, katikati ni mgongo wa kipeperushi, kulia ni jalada. Upande wa ndani mpangilio unageuka, ile ya 97 inakuwa kulia.

Kabla ya kuendelea, kunja karatasi tupu, uiandike kwa kalamu: jalada, mgongo, ndani 1, ndani 2, ndani 3, na ile inayokunjiwa ndani. Ishike kama mteja atakavyoishika. Utaona kwamba akifungua jalada, kitu cha pili kuona ni ile paneli iliyokunjiwa ndani, kabla hata hajafungua zote. Wengi huitupia matangazo ya wafadhili. Sisi tuliweka hapo jibu la swali ambalo kila mtu mezani huuliza: bei na ujazo wa pakiti.

Kijarida kinachobanwa kwa pini katikati kina sharti lake: kurasa zigawanyike kwa nne. Nane, kumi na mbili, kumi na sita. Ukiwa na kurasa kumi, punguza mbili au ongeza mbili.

Hatua ya tatu: chora mistari isiyoonekana

Fundi ujenzi hapandishi tofali bila kufunga kamba. Kwenye ukurasa, kamba zako ni pambizo na safu. Kwa paneli ya milimita 100 niliacha pambizo ya 8 kila upande, zikabaki 84 za maandishi. Kila kitu kilianzia kwenye mstari ule ule wa kushoto: kichwa, aya, picha, maelezo ya picha, simu. Hili peke yake, bila rangi wala fonti mpya, linaondoa nusu ya vurugu unayoiona kwenye vipeperushi vya mtaani.

Adui mkubwa hapa ni kitufe cha kuweka maandishi katikati. Kinavutia kwa sababu kila kitu kinaonekana "kimekaa sawa", lakini jicho likimaliza mstari halijui unaofuata unaanzia wapi. Kwenye kadi ya harusi, sawa. Kwenye aya ya mistari sita, hapana.

Ukiandika profaili ya kampuni kwenye A4 iliyosimama, usiache mstari utambae kutoka ukingo hadi ukingo. Pambizo za milimita 20 zinakuachia 170, na kwa herufi ya pointi 11 mstari mmoja utabeba herufi karibu 90. Msomaji anachoka. Zigawe safu mbili za milimita 82, katikati uache 6. Herufi arobaini na tano hadi sabini na tano kwa mstari ndicho kiwango ambacho wapangaji wa vitabu wamekizoea. Kwenye safu nyembamba ukishuka hadi arobaini hivi, bado inasomeka.

Hatua ya nne: herufi, na Kiswahili chenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi ya upangaji imeandikwa kwa ajili ya lugha nyingine, na Kiswahili kina tabia zake.

Maneno yetu ni marefu. "Tunaowahudumia" ni neno moja. "Yanayopatikana" ni neno moja. Ukiyatia kwenye safu nyembamba halafu ukabonyeza kitufe cha kunyoosha pande zote mbili, kompyuta inalazimika kuvuta nafasi kati ya maneno, na mstari unabaki na mashimo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Dawa ni rahisi: nyoosha kushoto tu, kulia uache pawe na mawimbi. Wateja hulalamika mwanzoni kwamba "haijanyooka". Wachapishie zote mbili, waambie wazisome kwa sauti. Hawarudii kulalamika.

Zima pia ukataji wa maneno wa moja kwa moja, maana programu ikidhani unaandika Kiingereza itakata popote inapotaka. Ukilazimika kukata kwa mkono, kata baada ya irabu, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia hapo: ushi-rika, waku-lima, kaha-wa. Usitenganishe ch, sh, ng', mb wala nd.

Vichwa vya habari navyo vina jambo lao. Angalia maneno madogo ya "ya", "wa", "cha", "na". Yakibaki peke yake mwisho wa mstari, kichwa kinakwama kama gari kwenye tope. Ukiandika

Kahawa ya
milima ya Mbozi

macho yanasimama kwenye "ya" yakisubiri. Ukiandika

Kahawa
ya milima ya Mbozi

yanapita. Neno dogo liende na lile linalolifuata. Programu haitakufanyia hivi. Ingiza mstari mpya mwenyewe.

Herufi kubwa tupu zitumie kwa neno moja au mawili. "TUNAWAKARIBISHA WANANCHI WOTE KUTEMBELEA BANDA LETU" inasomeka kama mtu anayegombana.

Sasa ukubwa. Chagua ngazi tatu na uzishike: maandishi ya kawaida pointi 10, vichwa vidogo 14, kichwa cha jalada 30 au zaidi. Zitofautiane kwa nguvu. Kichwa cha pointi 12 juu ya aya ya pointi 10 kinaonekana kama kosa la kuchapa, maana msomaji hajui kama umekusudia. Nafasi kati ya mistari iwe kubwa kuliko herufi kwa theluthi hivi: herufi ya 10, mstari wa 13 au 13.5. Kwa wazee, na wanunuzi wengi wa pembejeo ni wazee, nenda pointi 11 bila kubishana.

Fonti mbili zinatosha, moja ya vichwa na moja ya maandishi. Hata moja yenye unene tofauti inatosha. Times New Roman watu huiona ya kizamani. Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932, kwa hiyo imebanwa ili maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba. Ukiwa na safu nyembamba na maneno marefu ya Kiswahili, bado inafanya kazi vizuri kuliko fonti pana za kisasa. Zile za mwandiko wa kujipinda waachie wenye saluni, na hata wao kwa jina la duka tu, si kwa bei.

Namba ya simu itenganishe: nne, tatu, tatu. Mtu anayebonyeza simu huku ameshika mfuko wa mbegu hawezi kuhesabu tarakimu kumi zilizoshikana. Kwenye orodha ya bei, nyoosha namba kulia ili mamia yakae chini ya mamia.

Hatua ya tano: ukaribu na uwazi

Vitu vya ukoo mmoja vikae pamoja. Picha na maelezo yake zisitengane zaidi ya milimita 2 au 3. Kati ya kundi na kundi acha 8 au 10. Kichwa kidogo kikae karibu na aya yake kuliko aya iliyopita. Watu wengi huweka nafasi sawa juu na chini ya kichwa, kikabaki kinaelea, hakijulikani ni cha nani.

Kwenye rasimu ya kwanza, jalada lilikuwa na picha moja ya punje mbivu kiganjani, jina la kahawa, na theluthi ya chini tupu. Mama katibu akaweka kidole palepale. "Hapa pamebaki. Tunalipia karatasi nzima, mwanangu."

Sikumjibu kwa nadharia. Niliweka rasimu yake ya zamani na yangu sakafuni, nikamwomba asimame mlangoni na kuniambia anasoma nini. Ya zamani aliona "rangi nyingi". Yangu alisoma jina. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi angalau tuongeze nembo ya chama pale chini. Tukaiongeza, ndogo. Kazi ya mteja ina majadiliano, na hilo halikuharibu kitu.

Hatua ya sita: rangi na picha

Chagua rangi moja ya biashara, pamoja na nyeusi. Ukitaka ya pili, iwe ya kusisitiza kitu kimoja tu, kwa mfano bei. Sisi tulitumia nyekundu ya kahawa mbivu kwa vichwa, mengine yote nyeusi. Maandishi ya njano kwenye nyeupe hayasomeki, na ya nyekundu kwenye kijani yanachezacheza machoni, achilia mbali kwamba wapo watu wasioweza kuzitofautisha rangi hizo mbili. Geuza faili lako liwe la nyeusi na nyeupe kwa dakika moja: kama kichwa kimemezwa na mandhari yake, rangi zako zinatofautiana kwa jina tu.

Kumbuka pia kioo kinatoa mwanga na karatasi haitoi. Kompyuta huchanganya nyekundu, kijani na bluu za mwanga. Mashine ya uchapaji huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Ile kijani kali inayowaka kwenye laptopu itatoka imepoa. Usimlaumu mchapaji, ila mwombe akuonyeshe nakala moja kwanza.

Picha ya upana wa milimita 84 inahitaji pikseli karibu 990 ili itoke safi kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi. Picha ya kujaza upana wote wa A4 iliyolazwa inataka zaidi ya 3,500. Ndiyo maana picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inaweza kufaa ndani ya paneli moja lakini ikachakaa ukiitandaza. Mwambie mpiga picha aitume kama dokumenti ili isibanwe. Nembo na picha zivute kwa kona, ule uwiano usivunjike, na chapati isitokee.

Picha ya mgeni rasmi akikata utepe haimuuzii mtu kahawa. Mikono ikichuma inauza. Hili ni la kwangu, na nimeshapoteza mteja kwa kulisema.

Ukitaka maandishi juu ya picha, tafuta sehemu tulivu, anga au ukuta. Kama haipo, weka utepe wa rangi chini ya maandishi.

Hatua ya saba: kujaribu kabla ya kulipa

Chapa kwa printa ya kawaida, karatasi ya kawaida, pande zote mbili. Kwa A4 iliyolazwa chagua kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo upande wa ndani utatoka kichwa chini. Kunja. Kisha fumba macho nusu, uangalie: kile kinachobaki kikionekana ndicho msomaji atakachokiona kwanza. Je, kimetoka kwenye safu ya kwanza ya vipande vyako? Mpe kipeperushi dereva wa bodaboda aliyeegesha nje, ahesabu hadi tano, kichukue, muulize kinauzwa nini. Sisi wa kwanza alisema "kahawa", wa pili akasema "kahawa, ila sijui wapi", na kwa huyo wa pili tulikuza neno Mbozi.

Toka nayo nje juani pia. Agosti uwanjani kuna jua, upepo na vumbi, na karatasi ya kung'aa inamulika usoni mwa msomaji. Kwa kazi ya nje napendelea karatasi isiyong'aa, gramu 130 hadi 150 kwa mita ya mraba. Ya gramu 80 ya ofisini inapepea na maandishi ya nyuma yanaonekana mbele.

Soma namba za simu kwa kuzipiga. Usizitazame tu, zipige.

Hatua ya nane: kwa mchapaji

Rangi au picha inayofika ukingoni lazima ipite ukingo kwa milimita 3, kwa sababu kisu cha kukatia hakikai mahali pamoja kwa kila karatasi. Na maandishi yote yakae ndani ya ukingo kwa milimita 5 au zaidi. Hili nililijua kwa gharama. Miaka ya mwanzo nilipanga kadi za duka la vipuri, simu nikaisogeza hadi ukingoni kulia kwa sababu ilipendeza, na kisu kikaondoka na tarakimu ya mwisho kwenye kadi zaidi ya mia tatu. Tulikaa na kalamu ya wino mwembamba, mimi na mwenye duka, tunaandika saba, saba, saba, hadi usiku.

Peleka PDF, usipeleke faili la Word, maana kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti yako itaweka yake na mistari yote itahama. Canva ina chaguo la PDF ya uchapaji lenye alama za kukatia. Scribus, programu ya kupanga kurasa ambayo ni ya bure, inakuruhusu kutoa rangi za wino moja kwa moja. Kama bado unatumia Publisher, ujue Microsoft wametangaza kuacha kuihudumia Oktoba 2026, kwa hiyo kazi zako za zamani zigeuze PDF mapema. Kwenye flashi weka faili moja tu. Ukiweka "kipeperushi mwisho", "kipeperushi mwisho kabisa" na "kipeperushi mwisho 2", usishangae ukichapiwa isiyo yake.

Simama pale nakala ya kwanza inapotoka. Ikunje mwenyewe mbele ya mchapaji, angalia kama ile paneli ya 97 inaingia bila kugonga, piga simu iliyoandikwa. Yetu iliita mfukoni mwa mama katibu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya kiwanda na kaunta buku yake mapajani.